Redio Niliyoipokea

Nilikuwa mmoja wa watu wanane tuliochaguliwa pale Mwakitolyo kujifunza namna ya kumsaidia mtu aliyekata tamaa ya kuishi. Muuguzi wa zahanati alitufundisha siku tatu. Alisema mtu akianza kugawa vitu anavyovipenda, tusipite hivi hivi. Tukae naye, tumuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kusema. Niliandika yote kwenye daftari.

Mimi nauza chakula karibu na maduara, yale mashimo wanamoingia wachimbaji wa dhahabu. Mteja wangu mmoja, mwanamume wa makamo kutoka Runzewe, alikuwa amempoteza mdogo wake kwa kifusi. Tangu mazishi alikuwa akiagiza ugali, anakula matonge mawili, anausukuma pembeni. Nilimtania, "Shemeji, siku hizi unakula kama bibi harusi." Wenzake wakacheka. Yeye alitabasamu tu.

Asubuhi moja alikuja na redio yake, ile ambayo hakuwahi kumwazima mtu.

"Chukua, mama. Mimi sitaihitaji tena."

Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeitamani muda mrefu, nikaogopa nikiuliza atabadili mawazo. Nikashukuru, nikaiweka juu ya kabati la vikombe, nikatafuta stesheni yenye muziki.

Kabla ya saa sita akapita mama anayeuza maji, mwenzangu kwenye mafunzo. Yeye hajui kusoma. Siku zote tatu alikaa nyuma akisikiliza.

"Hii si ya yule baba wa Runzewe?"

"Kanipa."

"Kakupa? Kasemaje?"

Nikamweleza. Akatua ndoo chini. "Na wewe ukafanyaje?"

Nikazima redio, tukaondoka mbio kwenda kwake.

Tulimkuta chumbani kwake, nguo zake zimekunjwa vizuri kitandani. Mimi nilibaki mlangoni. Yule mama ndiye aliyeketi sakafuni mbele yake na kumuuliza, taratibu, "Baba, unafikiria kujiua?"

Akasema, "Ndiyo. Leo," akaanza kulia kwa sauti.

Hatukumwacha peke yake. Tulimpeleka zahanati, na wiki zilizofuata majirani walipeana zamu ya kukaa naye, mpaka kaka yake alipokuja kumchukua. Yuko hai. Analima mpunga kwao na bado anahudhuria kliniki.

Lakini kule zahanati mimi ndiye niliyeeleza ilivyokuwa, maana naongea Kiswahili vizuri zaidi, nikairuka ile sehemu niliyopokea redio bila kuuliza. Habari ikafika kwa mwenyekiti. Kwenye mkutano wa kijiji akaniita mbele, akasema nilipopewa tu redio nilishtuka nikakimbilia msaada. Watu wakapiga makofi. Yule mama alikuwa amesimama katikati yao, ananitazama bila chuki. Nikashika kipaza sauti, nikasema, "Asanteni."

Baadaye nilimfuata kwake kumwomba radhi.

"Mimi hujanikosea," akasema. "Kesho tunamtembelea mjane wa kule ng'ambo ya barabara. Safari hii utauliza wewe."

Nilienda. Niliuliza waziwazi, na yule mjane akanijibu. Tangu hapo nimewauliza wengi.

Lile la mkutanoni sijalirekebisha. Wageni wakija kujifunza, mwenyekiti huwaleta kwangu kwanza, nami huwakaribisha viti.