Mji Ulio Nyuma ya Mlima

Sebuleni kwetu Marangu kulikuwa na kalenda iliyopitwa na wakati kabla sijajua kusoma. Ililetwa na usharika rafiki wa Ulaya, uleule uliotuletea miwani iliyokwisha kutumika na tarumbeta za kanisani, na baba, aliyekuwa mwinjilisti, akaitundika juu ya redio. Miezi kumi na moja ilichanwa ikafungiwa sukari. Desemba ilibaki ukutani kwa sababu mama alikataa isiguswe. Ilikuwa picha ya mji mdogo wa kale chini ya mlima wenye theluji, nyumba zenye mapaa marefu, kanisa lenye mnara mwembamba, na uwanjani vibanda vya mbao vyenye taa, watu wamejifunika hadi masikioni wakinunua vitu tusivyovijua.

Sisi mlima wenye theluji tuliujua mmoja tu, na tuliuona kila asubuhi kutoka mlango wa jikoni. Kwa hiyo kaka yangu, aliyenizidi miaka minane na aliyejua kila kitu, alinieleza kwamba mji ule uko nyuma ya mlima wetu, upande ule tusiouona. Nilimwamini kabisa. Darasa la nne mwalimu aliponiambia kwamba ule ni mlima mwingine wa nchi nyingine, nilimjibu kwamba yeye hajafika huko, nikachapwa.

Kwenye kibanda kimoja cha ile picha ilining'inia mikate yenye umbo la moyo, imeandikwa maneno kwa sukari nyeupe. Kaka aliapa kwamba akikua atapanda mlima, atateremka upande wa pili, na kuniletea moyo mmoja.

"Mmoja tu?" nilimuuliza.

"Na wa mama," akasema.

Yeye alitangulia Kanada, mimi nikamfuata mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Alinipokea uwanja wa ndege akiwa amebeba koti la ziada mkononi, na kabla hajaniuliza habari za nyumbani akaniuliza kama nimekula. Ndiyo ilikuwa salamu yake tangu utotoni. Nilikaa kwake Mississauga, jirani na Toronto, miaka miwili, katika chumba cha watoto wake, nikisubiri karatasi zangu za ukaazi. Kila Desemba, wakati Wachaga wote wa dunia wanapanda mlimani kwenda kula Krismasi kwao, yeye alimpigia mama simu na kumwambia mwakani atakwenda. Alisema hivyo Krismasi tatu mfululizo. Mimi sikuweza kwenda kwa sababu ya karatasi. Yeye alikuwa na pasi mfukoni.

Mama akafariki katikati ya Novemba, na nyumbani wakasema watazika baada ya siku nne. Kaka hakwenda. Siku ya mazishi watu wa kanisani walijaa sebuleni kwake, wanawake wamekaa chini kwenye zulia, wifi yangu anagawa chai, na kaka amesimama dirishani ameshika simu sikioni, akisikiliza wanavyoimba kaburini. Mimi nina hasira za karibu, kila anijuaye anajua. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Umemzika mama kwa simu. Una pasi, una miguu, na umemzika mama yako kwa simu."

Alikata simu, akaenda kufungua mlango wa mbele, na akausimamia huku baridi ikiingia, mpaka nilipoelewa kwamba amenifungulia mimi. Nikachukua koti langu nikatoka.

Miaka mitatu baadaye mama mmoja wa kanisani aliniletea ujumbe kutoka kwa wifi. Kaka alikuwa amekwisha kulipia tiketi siku ile ya msiba. Aliirudisha kwa sababu yangu. Alisema mama amekwishalala na hamhitaji tena, lakini mdogo wake hana karatasi, na hawezi kumwacha alie peke yake katika nchi ya watu. Nilisikiliza, nikamshukuru yule mama, nikamsindikiza hadi kituo cha basi. Kisha nikakaa miaka mingine minne bila kwenda kwa kaka. Sina sababu nzuri ya kumpa mtu. Niliona aibu, na aibu yangu hujifanya kiburi.

Kwetu, mtu akimkosea mwenzake kosa zito haji na neno la samahani tu. Huchuma jani la isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa kihamba, shamba la ukoo, akalifunga fundo na kumpelekea aliyemkosea. Anayepelekewa isale haruhusiwi kukataa, hata kama kosa ni la damu. Lakini hupeleki peke yako. Hutanguliwa na mkubwa wa upande wako, mtu mwenye heshima, naye ndiye anayeanza kusema. Mimi Kanada nzima nilikuwa na mkubwa mmoja, na huyo ndiye niliyemkosea.

Na isale nilikuwa nayo. Katika kliniki ya meno ya Don Mills nilikofanya kazi mapokezi, ilisimama kwenye chungu kando ya mashine ya maji. Watu wa huko wameifanya pambo, na wagonjwa walikuwa wakibandika ubani waliotafuna kwenye shina lake. Kila Jumatatu niliimwagilia na kupangusa majani yake kwa kitambaa, na kila Jumatatu nilijiambia kwamba wiki hii nitachuma.

Mwaka wa saba, mwanzoni mwa Desemba, simu ikaita. Ilikuwa sauti ya wifi.

"Wifi, kaka yako anakuulizia."

Nilikaa chini. Nilimuuliza kama ni mzima.

"Hajambo kidogo. Utamwona mwenyewe." Kisha akasema, "Ameona picha gazetini, lile soko la Krismasi wanaloweka kwenye majengo ya zamani kule mjini. Sasa hanipi raha. Anasema huo ni mji ulio nyuma ya mlima, na alikuahidi atakupeleka. Wewe unajua maana yake?"

"Najua," nikasema, na nikalia hapohapo huku mgonjwa ananingoja nimshikie miadi.

Nilichukulia kwamba amenisamehe, au angalau amefungua mlango. Jumamosi ile nilipita kliniki asubuhi, nikachuma jani refu kuliko yote, nikalifunga fundo, nikalizungushia khanga na kulitia kifuani ndani ya koti, maana baridi ya Toronto ingeliunguza kabla sijafika. Njiani kwenye tramu nilikuwa nikijifunza maneno. Nitasema, kaka, nilikukosea mbele ya watu. Nitasema, uliacha mazishi ya mama kwa ajili yangu nami nikakutukana. Nilitaka asikie hayo mawili tu.

Soko lilikuwa katika kiwanda cha kale cha pombe kali, majengo ya matofali mekundu na vichochoro vya mawe. Walikuwa wamejitahidi kuigeuza Toronto kuwa mji wa milimani: vibanda vya mbao, matawi ya misonobari, taa kila kona, divai ya moto yenye mdalasini, na wanaume wanne wenye kofia za manyoya wanapiga tarumbeta. Walipiga wimbo tuliokuwa tukiuimba Marangu kwa Kiswahili, na wakauchapua mno. Wapigaji wetu wa usharika wangewaonyesha mwendo wake.

Niliwaona kando ya mti mkubwa wa Krismasi. Kaka alikuwa amekonda, amevaa tai chini ya koti, na wifi amemshika mkono kwa namna ambayo mtu hamshiki mumewe, ila mgonjwa. Nikasogea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu," akasema, akitabasamu kama tuliachana jana jioni. "Umekula?"

Miaka saba nilikuwa nimeliwaza neno lake la kwanza, na hilo sikuwahi kuliwaza. Akamgeukia wifi akamwambia, "Hajala huyu. Mnunulie kitu," kisha akasogea kwenye kibanda cha karibu akasimama kutazama taa.

Tulipanga foleni ya soseji, yeye tukimwona hatua chache mbele yetu. Wifi hakuniangalia aliponiambia. Ni ugonjwa wa kusahau, umemwanza mapema, hata sitini hajafika. Miaka ya karibuni imefutika yote, ya zamani imebaki.

"Yale ya msibani hayakumbuki," akasema. "Hajui kama mligombana. Ananiuliza mbona huji siku mbili hizi, nami namwambia una kazi nyingi."

Nikamwambia nimekuja na isale. Nikafungua kifungo kimoja nikamwonyesha ncha ya khanga. Wifi ni Mchaga mwenzetu, hakuhitaji maelezo. Alifumba macho.

"Nitamkumbusha taratibu," nikasema. "Nimweleze, halafu nimpe."

"Utamwambiaje bila kumwambia kwamba mama amefariki?"

Sikuelewa kwanza.

"Hajui, wifi. Anadhani mama yupo. Mara mbili nimemwambia, na mara zote mbili alilia kama ndiyo kwanza anasikia. Ya pili alipiga kichwa ukutani. Sitamwambia tena, na wewe nakuomba usimwambie."

Nimewahi kuumia maishani, lakini pale kwenye foleni ya soseji niliumia mahali ambapo sikujua napo panauma. Kosa langu lilikuwa ndani ya msiba wa mama, halitoki bila msiba. Ili nimwombe radhi kaka yangu ilinibidi nimfishe mama mbele yake mara ya tatu. Kama ningekuja miaka minne mapema, siku ile nilipopewa ujumbe, angenielewa. Ningeweza kuja kwa basi na treni, saa moja na nusu.

Tuliporudi, kaka alikuwa amekwisha kununua. Alishika mikate miwili ya umbo la moyo, ya tangawizi, yenye utepe wa kuvalia shingoni. Akanivika mmoja, juu ya skafu, mbele ya watu.

"Nilikuahidi," akasema. "Huu mwingine wa mama. Utampelekea wewe, mimi sijui lini nitapata nafasi. Nimemwambia mwakani."

Nilimkumbatia ili asinione uso, na pale kifuani akahisi kitu. Akauliza ni nini. Ningeweza kudanganya, lakini mkono ulikwishaingia ndani ya koti, labda kwa sababu ulikuwa umekuja kwa kazi hiyo. Nikaifungua khanga nikampa jani kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, na maneno yote niliyojifunza kwenye tramu sikuyasema.

Kaka alilitazama lile fundo. Ugonjwa haukuwa umefika huko. Aliivua glavu, akalishika kwa heshima, na uso wake ukawa uso wa baba siku alipoitwa kusuluhisha watu.

"Umemkosea nani?"

Wifi alinitazama. Nikasema, "Mtu mmoja, kaka. Mtu mzima. Nilimtukana mbele ya watu."

"Na umekuja kwangu nikutangulie."

"Ndiyo," nikasema.

"Umefanya vizuri. Hili hapelekewi mtu na mtoto peke yake." Akalirudishia khanga kwa uangalifu, akalitia ndani ya koti lake upande wa moyo. "Ni mgumu sana huyo mtu?"

"Si mgumu. Mimi ndiye niliyechelewa."

"Kama si mgumu, hatakataa. Isale haikataliwi." Kisha akaniambia nile soseji kabla haijapoa, na tukatembea vichochoro vyote, yeye akinionyesha kila kibanda. Alinionyesha na ukuta wa matofali mwisho wa njia, akaniambia nyumbani ni huko nyuma.

Tangu siku hiyo nikawa nampigia kila Jumapili baada ya ibada. Kitu kimoja hakukisahau, na madaktari wakisema wanachotaka kusema, mimi sina maelezo. Kila Jumapili aliuliza, "Yule mtu je? Twende lini?" Nami nikisema bado, kaka, hayupo, amesafiri. Nilidhani atachoka. Mwezi wa pili wifi akanipigia akilia. Alikuwa akimkuta asubuhi amekaa kwenye kiti karibu na mlango, amevaa koti na tai, jani limekauka mkononi, anangoja nije tuondoke kwenda kuniombea radhi. Akiambiwa avue koti, anasema mdogo wake ana shida.

Jumapili iliyofuata nilikaa kitandani, nikapiga. Aliuliza swali lake.

"Amekubali, kaka," nikasema. "Amelipokea."

"Bila mimi?"

"Ulikuwepo."

Nilidhani atashangaa. Hakushangaa. Akauliza kama mtu mzima anavyouliza, anayetaka kuhakikisha kwamba jambo limekwisha kweli. "Alisema nini alipokuona?"

Nilitafuta uongo wa kusema, na nikaona sihitaji uongo.

"Aliniuliza kama nimekula."

Kaka akacheka, kicheko chake cha zamani, cha Marangu. "Basi huyo amekusamehe siku nyingi," akasema. Nikasikia anamwambia wifi amsaidie kuvua koti. Kisha akarudi kwenye simu.

"Na umwambie mama kwamba mmepatana," akasema. "Ana wasiwasi sana na hasira zako."

Nikasema nitamwambia.