Jiko Alilolikataa Khagisara

Kule Chitwan, Nepal, mjane Khagisara Adhikari alijulikana kwa usafi wake. Hakuna aliyegusa sufuria zake kabla ya kuoga, na aliyeingia jikoni na viatu siku hiyo alikiona cha moto. Mwanawe Tikaram alipoleta mafundi wachimbe shimo la gesi nyuma ya zizi, mama alifurahi, akidhani ni la samadi ya ng'ombe tu. Kisha akaona bomba la choo linaingia humo humo.

"Tika, ndiyo nini hii?"

"Vyote vinaoza, mama, vinatoa gesi. Tutapikia."

"Pikieni nyinyi. Mimi sili chakula kilichoivishwa na haja ya mtu."

"Ya mtu gani? Choo si chetu wenyewe?"

"Ndiyo mbaya zaidi. Nawajua mnavyokula."

Akajifinyangia jiko la udongo uani, akawa anajipikia wali na dengu kwa kuni, macho mekundu, kifua kikimkwaruza. Yamuna, mke wa Tikaram, hakubishana naye. Alimpelekea maji tu, akarudi zake ndani.

Yamuna akajifungua wakati wa mvua kubwa. Tikaram alikuwa ng'ambo ya mto uliofurika, na mzazi alihitaji mchuzi wa moto wa mbegu za jwano, kiungo wanachopewa wazazi huko, ili maziwa yashuke. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Khagisara alipuliza mpaka kizunguzungu kikamshika, moto ukagoma. Ndani kichanga kililia, kikaanza kukauka sauti.

Aliingia jikoni, akalitaja jina la Vishnu, akawasha gesi. Mwali wa buluu ukasimama, bila moshi. Akainama kunusa. Akanusa tena. Hapakuwa na harufu ila ya samli ikiyeyuka.

"Mama, umepikia wapi?" Yamuna aliuliza.

"Kunywa. Maswali baadaye."

Mvua zilipokatika, Yamuna alimwambia, "Kuni zimekauka, mama."

"Ziache zikauke vizuri," alijibu Khagisara, akipepeta mchele wake kando ya jiko la gesi.

Siku hizi mgeni haagi kwake hivi hivi. Juzi mdogo wake Purna alikunywa chai, akainuka.

"Umeshapita msalani?"

"Nitaenda kwangu, dada."

"Kwako kuna shimo la gesi?"

"Hakuna."

"Basi chai yangu usiende kuimwaga bure. Pita hapo nyuma."

Purna akacheka, akapita.