Kamba Tupu ya Mama Jeniffer

Mpanda ina jua linaloweza kukausha mpunga, dagaa na ubishi wa mtu. Ndiyo maana Jeniffer, aliyeko Dar es Salaam, alipotaka kumfurahisha mama yake, alimtumia mashine ya umeme ya kukaushia nguo.

Mama yake, Pelagia, mkazi wa Majengo, aliipokea kwa heshima zote. Aliiweka sebuleni, akaitandikia kitambaa cha kufuma, kisha akafungua kamba ya kuanikia ya uani na kumpa jirani yake, Goreth, afungie mbuzi. Watu walioendelea hawaaniki.

Tatizo ni kwamba Majengo kamba ya nguo husomwa. Mpita njia hujua nani kajifungua, nani kapata kazi ya ulinzi, na nani mumewe karudi. Ya Pelagia ilisomwa zaidi, kwa sababu ndiye mtunza sare za kwaya ya kigango, cheo ambacho asingekibadilisha na mashine yoyote. Zamani majoho ya zambarau yalipepea uani kila Jumamosi. Sasa hapakuwa na kitu. Wanakwaya, ambao huchelewa kuamua hata wimbo wa kuingilia, safari hii waliamua haraka: sare hazifuliwi, zinapuliziwa manukato.

Jumamosi iliyotangulia misa ya kipaimara, Yustina, mwenyekiti wa kwaya, alifika na wenzake wawili na kapu tupu.

"Mama Jeni, tumekuja kukupumzisha. Sare atazitunza mwingine."

"Mimi nimechoka lini?"

"Imechoka kamba. Hata haipo."

Pelagia akaondoa kitambaa. "Nyie kaeni hapo muone."

Akasukumia ndani majoho mabichi aliyotoka kuyafua, akabonyeza. Mashine ilinguruma kama pikipiki iliyobeba magunia ya mpunga kutoka Majimoto. Kidogo mita ya LUKU ikaanza kulia kwamba uniti za umeme zinaisha, halafu kila kitu kikanyamaza, pamoja na friji.

"Imemaliza?" aliuliza Yustina.

"Imepumzika."

"Basi mpumzike wote."

Yustina alikuwa ameshaanza kutia majoho kapuni, yakichuruzika maji, Goreth alipoingia na kamba mkononi.

"Nimesikia LUKU inalia, nikajua. Mbuzi nimemfunga kwa kanga yangu."

"Tuanike sare za kanisa kwenye kamba ya mbuzi?" alishangaa Yustina.

"Ilikuwa ya nguo, dada, kabla mbuzi hajapandishwa cheo."

Wakaanika. Jua likafanya kazi yake bila kudai uniti. Chai iliyobandikwa kwenye jiko la mkaa ilikuwa haijachemka vizuri, na majoho yalikuwa yameshakauka. Yustina alinusa moja baada ya jingine akitafuta manukato, akaambulia harufu ya sabuni. Akachukua kapu lake, tupu vilevile.

"Baki nazo. Ila uanike tuone."

Jioni Jeniffer alipiga simu kuulizia zawadi yake.

"Inafanya kazi vizuri sana, mwanangu," alisema Pelagia, akikunja joho la mwisho. "Nguo zikishakauka, naziweka humo."