Kidonge cha Chini ya Ulimi

Katika miaka minne ya kusomea udaktari Guangzhou, hakuna kilichomchosha Sihaba kama wafanyabiashara wa kwao na magonjwa yao ya siri. Anatomia ilikuwa kwa Kichina, akaimeza. Hawa walimshinda. Mtu ana presha miaka kumi, ukimwuliza anatumia dawa gani anakujibu, "Vile vidogo vyeupe." Mwingine amekwisha kunywa vya rafiki yake, kwa kuwa rafiki yake vilimsaidia. Na wote humwita yeye awatafsirie hospitalini, hata siku za mitihani, kisha wakifika mbele ya daktari wanageuka mabubu.

"Dawa ina jina na ina saa," aliwaambia mpaka koo likamkauka. "Na mficha maradhi kifo humuumbua." Wakacheka, wakaenda zao mtaa wa Yide Lu kununua wanasesere.

Basi asubuhi moja ya Novemba 1999 akaitwa hotelini kwa baba yake mdogo, Mzee Maulid, Mzaramo wa Dar es Salaam aliyekuja kujaza kontena la vifaa vya shule. Alimkuta kitandani, jasho linamtiririka, kiganja amekikandamiza kifuani. Sihaba akapiga simu, na gari la wagonjwa likamleta Daktari Liang, mtu wa makamo asiye na maneno mengi.

Daktari hakukimbilia sanduku la dawa. Alipima presha kwanza, akabandika nyaya za mashine ya moyo, ndipo akaanza maswali, Sihaba akitafsiri. Ana vidonda vya tumbo? Hana. Kuna dawa inayomdhuru? Hakuna. Akampa aspirini, akamwambia aitafune. Mzee akaanza kutafuta maji aimeze nzima.

"Tafuna, baba!" Sihaba akafoka. Hata kufa watu hawa walitaka kufa kwa mtindo wao.

Kisha daktari akatoa kichupa cha nitrogliserini, vidonge vya kuweka chini ya ulimi ili mishipa ya damu ipanuke na moyo upumue. Kabla ya kukifungua akauliza: jana au leo, ametumia kidonge cha nguvu za kiume? Mwaka ule vidonge hivyo vilikuwa gumzo, vikipita mkono kwa mkono. Sihaba alijua sababu ya swali. Dawa hizo mbili zikikutana mwilini presha huporomoka, na moyo ulioumia huweza kukosa damu kabisa.

Akamtazama baba yake mdogo, aliyemlipia shule, ambaye yeye hajawahi kumwona hata akiwa amevua shati. Uso ukamwaka moto.

"Hapana," akamjibu daktari.

Daktari akadondosha kidonge kimoja kwenye kifuniko. Mzee akaambiwa ainue ulimi, akainua. Hapo Sihaba akajichukia. Alimdaka daktari mkono.

"Subiri!"

Lakini aulize vipi? Mtoto hamwulizi baba yake mambo hayo. Akatoka mbio, akamgongea Getrude, Mnyamwezi wa Tabora aliyepanga chumba cha pili. Wiki nzima Getrude alikuwa akimchokoza Mzee Maulid kila wakikutana kwenye lifti, kwa kuwa Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na Sihaba alikuwa ameona huo ni utovu wa adabu. Sasa alimnong'oneza swali, akamsukuma ndani, yeye akabaki koridoni.

"Wewe Mzaramo," sauti ya Getrude ikasikika, "ukifa leo, msiba wako nitaucheka mpaka arobaini. Sema upesi, umekula vile vya buluu? Laoban mzima, bosi wa kontena, unaona haya na roho inatoka?"

Mzee Maulid akajibu kwa sauti dhaifu: "Jana usiku. Kimoja. Nilikuwa naonja sampuli, nisije nikauziwa feki. Funga mlango, mtoto asisikie."

Mtoto alisikia, akaingia, akatafsiri kila neno. Daktari Liang akakitupa kile kidonge. Akamwekea mzee oksijeni na sindano ya njia ya dripu, na machela ikashuka haraka.

Garini, mashine ya moyo ikilia taratibu, daktari alikuwa akijaza fomu.

"Mara ya kwanza kwa nini alikataa?" akauliza bila kuinua kichwa.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni: watu wetu huficha. Nani asingeamini? Mzee amefumba macho, na Kichina hakijui.

"Hakukataa," Sihaba akasema. "Sikumwuliza."

Daktari Liang akaacha kuandika. Hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi. Alimsogezea fomu na kalamu, ayaandike hayo kwa mkono wake, na jina lake chini.