Mwiko wa Siku Saba

Siku Maombi alipolala mchana kweupe, sindano nyembamba zikiwa zimemsimama utosini na kwenye vifundo vya mikono, baba yake alivua kofia kama mtu aliyeingia kanisani. Ilikuwa miezi mitano hajamwona binti yake akifumba macho saa nzima.

Baba huyo, Mzee Mushagalusa wa mtaa wa Cimpunda, alijengea watu nyumba za matofali maisha yake yote, yake ikabaki ya mbao. Mkewe alikufa zamani. Maombi alikuwa akifundisha darasa la pili mpaka sauti zisizo na mwenyewe zilipoanza kumsema. Hospitalini waliuita ugonjwa huo skizofrenia, wakampa vidonge vya kila jioni. Sauti zikapungua, lakini usingizi haukurudi. Alizunguka nyumba hadi kunakucha, akigusa misumari ya ukutani mmoja mmoja. Ndipo daktari alipomtuma kwa Masera Constance, mtawa aliyesomea tiba ya sindano za Kichina.

Masera alieleza kwamba sindano ni msaidizi wa vidonge, si badala yake. Alieleza haraka, nusu kwa Kifaransa, wagonjwa wengine wakikohoa barazani. Mushagalusa aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye vitone vya damu vilivyobaki kwenye ngozi ya binti yake.

Vitone hivyo alivijua. Utotoni kule Kabare, bibi yake alichanja watu kwa wembe na kuwapaka dawa, na mwiko wake ulikuwa mmoja: ngozi ikishafunguliwa, dawa nyingine isipite mdomoni siku saba, zisije zikapigana ndani ya damu. Ila bibi huyo hakumchanja mtu akamuaga mlangoni. Alihamia kwa mgonjwa, akala naye, akalala naye kwenye mkeka mmoja hadi siku ya saba, na majirani wakaleta kuni bila kuombwa. Siku hizi mgonjwa anapewa randevu, tarehe ya kurudi, na jirani anaongeza sauti ya televisheni. Katika yote yale, kilichobaki kwa Mushagalusa ni mwiko peke yake.

Akaficha vidonge ndani ya buti lake la kazi. Maombi alipouliza, alimjibu kwamba Masera amesema vipumzike kwanza. Hakujiona anadanganya.

Siku mbili Maombi alilala vizuri, na mzee akajisifu kwa jirani yao, Maman Chantal. Siku ya tano sauti zilirudi, safari hii zikimwambia kwamba baba yake anamtilia sumu. Maman Chantal alimkuta kwenye mteremko, miguu mitupu, matope hadi magotini, amekumbatia sahani zote za nyumbani ili asipakuliwe tena.

Walimrudisha kwa Masera. Aliuliza kama vidonge vinanywewa. Mushagalusa alitoa pakiti mfukoni, akaiweka mezani.

"Nilivificha. Ngozi ilikuwa imefunguliwa."

Masera aliifungua pakiti, akahesabu vidonge. "Papa, hii haiko kuchanja."

"Ningejuaje? Hakuna aliyekaa na sisi."

Maombi aligeuka akamtazama baba yake.

"Ulisema njo Masera alisema vipumzike."



Vidonge vilianza upya, sindano zikaendelea kila Jumanne, na baada ya wiki nyingi usingizi ukarudi, si wote. Lakini Maombi hapokei kidonge wala maji mkononi mwa baba yake. Anavipokea kwa Maman Chantal, na huko ndiko anakolala, kwenye mkeka mmoja na mabinti wa nyumba ile.

Kila asubuhi Mushagalusa anapita chini ya dirisha lao.

"Amelala?"

"Amelala, Papa," Maman Chantal anajibu kutoka ndani.

Anasimama kidogo, pengine mlango utafunguliwa. Kisha anarudi kwake, kuchemsha chai ya mtu mmoja.