Siku Niliyobandua Nailoni ya Runinga

Mwalimu aliponiambia mbele ya darasa zima nikapime macho, na hiyo ilikuwa mara ya pili, nilimpa mwenzangu wa pembeni anishikie mtoto, nikaenda mpaka kwenye runinga, nikatafuta kona kwa ukucha, nikavuta. Nailoni ilitoka yote kwa mkupuo, kama ngozi ya mbuzi kwenye machinjio ya kwetu Vingunguti.

Wapo waliosema nilipandwa na wazimu. Ngoja nieleze.

Kituo kilikuwa Sinza, ghorofa ya pili, juu ya gesti. Walikuwa wanatuandaa kwa usaili wa chuo cha urubani: hesabu kidogo, Kiingereza cha redioni, na kusoma paneli ya ndege kwenye simuleta, mashine ya kujifunzia kurusha bila kupaa. Simuleta yenyewe ilikuwa kompyuta, usukani wa plastiki na runinga ya inchi sabini na tano. Mie nimeishia kidato cha nne, nina binti wa miezi saba, na ninakoishi ndege zinapita juu ya bati mpaka watu wanakatisha maongezi. Nilitaka jina langu liwe kati ya matano yatakayopelekwa kwenye usaili. Hilo tu. Majina yakishapelekwa, ndiyo basi mpaka mwakani, na mwakani mtu mwenye mtoto hajui atakuwa wapi.

Shida ilikuwa paneli. Kwenye laptopu ya mwalimu vipimo vyote vilisomeka, mwendo, mwinuko, dira. Vikihamia kwenye runinga vinakuwa kama vimechovywa kwenye uji. Nikawa nasoma habari hizo kwenye simu huku nanyonyesha, mpaka nikaelewa: kompyuta inatuma picha ndogo, runinga inainyoosha mpaka ijae. Ni kama uchukue picha ya pasipoti ukaichapishe bango la harusi. Nikamwomba mwalimu aniruhusu nirekebishe. Wiki nzima alikataa, eti mipangilio haiguswi. Siku alipochoka nami akasema haya sista, tengeneza tuone.

Nikapandisha ukubwa wa picha kwenye kompyuta ulingane na wa runinga. Nikaongeza ubora wa paneli ndani ya simuleta yenyewe. Kwenye runinga nikazima ile hali inayovuta picha na kukata kingo. Mistari ikawa mistari. Mwalimu hakusema asante, ila niliona siku hiyo anaegemea kiti, hainami mbele kama kawaida yake.

Lakini ukungu ulibaki. Ile nailoni ya dukani ilikuwa bado iko juu ya kioo, na juu ya kipimo cha mwinuko ilikuwa imetuna kiputo cha hewa, kiasi kwamba tatu na nane hazitofautiani. Mkuu wa kituo, mama wa makamo, ndiye aliyeinunua runinga, na alikuwa ameamuru isibanduliwe kwa sababu ya vumbi, na kwa sababu kitu chenye nailoni yake bado ni kipya. Siwezi kumcheka sana. Rimoti ya nyumbani kwetu imo ndani ya nailoni na imefungwa rababendi, na kochi la mama mkwe linaninata mapajani tangu nilipoolewa. Ila hakuna anayesoma mwinuko wa ndege kwenye kochi.

Mtihani wa kwanza nilikosa nambari nne kati ya kumi. Ndipo mwalimu akanituma nikapime macho, mara ya kwanza. Nikaenda kweli, hospitali, foleni tangu asubuhi, mtoto mgongoni. Daktari akanipima akasema macho hayana kitu, akaniandikia na karatasi. Mwalimu aliipokea akaitia kwenye droo bila kuisoma.

Mtihani wa pili, wa mwisho, nikakosa nambari zilezile. Na hapo ndipo nilipogundua wenzangu wanapataje. Mwalimu alikuwa anarusha safari moja tu siku zote, Dar kwenda Zanzibar, kwa kuwa ndiyo iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Wenzangu walishaikariri, kama tulivyokuwaga tunakariri mitihani ya miaka ya nyuma shuleni. Tukishafika juu ya maji, mwinuko ni elfu mbili mia nane. Dada mmoja alitaja nambari zake zote huku anaangalia kucha. Mie wiki tatu nilikuwa wodini, mtoto ana nimonia. Sikuwa na cha kukariri. Nilisoma nilichokiona, nikasema elfu mbili mia tatu.

Basi nikabandua. Paneli ikasimama wazi, hata skrubu za kuchorwa zikaonekana.

"Mama mtoto, umeharibu mali ya kituo," mwalimu akasema.

"Weka safari nyingine. Dodoma kwenda Mbeya. Tusome wote."

"Safari ni hiyohiyo."

Dada wa kucha akaniambia nisiwaharibie, wao wameshafaulu. Kaka mmoja nyuma akauliza, "Mama rubani, huko juu utanyonyeshea wapi?"

"Kwenye kiti chako. Wewe utakuwa bado unakariri."

Walicheka, lakini si wote. Nilijua kuanzia hapo sina rafiki mle ndani.

Mwalimu akanipeleka kwa mkuu wa kituo. Nilimwamkia shikamoo, maana hasira yangu haikuwa ya kumvunjia heshima mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho huku ameikunja ile nailoni mapajani, anailainisha kwa kiganja. Nikadhani ameelewa.

"Mwanangu," akasema, "andika barua ya kuomba radhi. Kwenye matano ya mwaka huu humo. Ya mwakani tutayazungumza mwakani."

Barua niliandika. Nilichana karatasi mbili kwanza, maana matusi yalikuwa yanatangulia. Ya tatu nikaipeleka kesho yake, nakala moja yao, moja ya ofisi ya elimu ya wilaya, moja yangu, nikakaa mapokezi na mtoto mpaka ya kwangu ikagongwa muhuri. Ilisema hivi:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MTIHANI WA KUSOMA PANELI

Mimi ni mwanafunzi wa kituo chako. Nimeachwa nje ya orodha ya usaili kwa mtihani uliofanyika kwenye kioo kisichosomeka, kilichoachwa na nailoni ya dukani. Safari iliyotumika ilikuwa ileile ya mazoezi, kwa hiyo mtihani ulipima nani anakumbuka, haukupima nani anasoma. Anayekumbuka Zanzibar hatajua yuko wapi akipelekwa Mbeya, na atakuwa amebeba watu.

Nailoni niliibandua bila ruhusa. Hilo nalikubali kwa maandishi, na siliombei radhi.

Naomba orodha isipelekwe kwanza. Naomba turudie mtihani wote kumi na wanane, kioo kikiwa wazi, kwa safari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuirusha, na mimi niwe wa kwanza kukaa kitini. Nikikosea, futeni jina langu.