Zamu Mbili, Mtoto Mmoja

Swabaha hakuwa mtu wa kupayuka. Lakini siku Bi Mwanamkuu, mkunga, alipoambiwa aondoke chumba cha kujifungulia akakae dirisha la dawa, aliinuka akaingia kwa Daktari Muhidini, mkuu wa zahanati, bila hata kupiga hodi.

"Shikamoo Daktari. Bi Mwanamkuu kafanya nini?"

"Marahaba. Kompyuta inaonyesha hazalishi sana. Watoto wengi ni wa Umi, mkunga mwenzake."

Kompyuta hiyo Swabaha ndiye aliyeajiriwa karibuni kuitunza. Na dada yake, Aziza, alivushwa kwa mashua kutoka kisiwa cha Chole akajifungulia hapo hapo zahanati: Umi, aliyekuwa akimaliza zamu, alimshika mgongo, Bi Mwanamkuu, aliyekuwa akiingia, akampokea mtoto. Swabaha alishuhudia.

Akaifungua programu iliyoandika nani kazalisha. Aliyeiandika alikwisha kuhama. Ilichukua saa aliyozaliwa mtoto, ikaipitisha kwenye zamu moja moja na kuuliza: saa hii imo humu? Ikipata zamu ya kwanza iliyokubali, inaishia hapo. Zamu zinapoingiliana, anayetoka hajaondoka na anayeingia ameshavaa aproni, basi huandikwa jina la anayetoka tu; na Bi Mwanamkuu kila mara alipokea zamu kwa Umi.

Swabaha akaufuta mstari wa kuisimamisha. Programu ikapita zamu zote, ikaleta kila jina lililostahili.

Muhidini alipoona majina mawili kwa mtoto mmoja, alikunja uso. "Ripoti yangu ina nafasi ya jina moja. Rudisha ilivyokuwa."

"Sirudishi."

"Unasemaje?"

"Sirudishi, Daktari. Ipanue ripoti. Walikuwa wawili, nimfute yupi?"

"Mimi nitapata mtu wa kurudisha."

"Mtafute. Lakini umwambie kabisa jina la nani afute, na wenyewe wakiwapo wanasikia."

Umi alikuwa mlangoni na faili mkononi. Akaingia. "Mimi sitaki kupewa watoto wa mwenzangu. Bi Mwanamkuu akienda dirishani, nami nakwenda. Utazalisha mwenyewe."

Daktari akawatazama wote wawili, akaondoka kwenda kuzunguka wodini.

Bi Mwanamkuu hakuhamishwa, wala programu haikuguswa. Ila Muhidini hakumsemesha Swabaha tena, na mkataba wake ulipokwisha hakuuongeza. Swabaha akashuka pwani ya Utende, akavuka kurudi kwao Chole bila kazi na bila kuomba radhi.

"Kichwa kigumu wewe," Aziza alimwambia, akimpakata binti yake.

"Kigumu," Swabaha akajibu. "Na hakilainiki leo. Nipe mtoto huyo."